Mwamba Nyuzi

Hema langu liko nyuma ya uwanja wa tatu,
kati ya mashine ya kahawa na choo cha waamuzi.
Mchezo siuoni. Naona raketi.

Juma zima mvua, hapa Ilkley.
Si mvua ya kishindo; ni ile ya kunong'ona,
inateremka kutoka nyika ya juu ya mji
na kukaa kwenye nyasi kama mgeni asiyejua kuaga.
Vijana wanakimbia na turubai,
wanafunika, wanafunua, wanafunika,
nami nawamba.

Kwetu Pangani baba aliwamba vitanda.
Kisigino kwenye mfumbati, kamba mikononi,
akivuta, akigonga kwa kidole, akisikiliza:
hiki cha bwana harusi,
hiki cha mgonjwa, kisikazwe mno.
Mimi nina mashine yenye namba.
Lakini nikimaliza, nagonga vilevile.

Walianza thelathini na wawili, Jumatatu.
Nawajua kwa kilo.
Yule wa Osaka, ishirini na moja, nyuzi laini, maneno laini.
Yule wa Bratislava, ishirini na sita, ngumu kama ubishi wake.
Philippa Aldous, miaka kumi na tisa, mtoto wa Yorkshire hii hii,
raketi sita kila asubuhi; mama yake ndiye asemaye,
mama yake ndiye atoaye kadi.
Zdenka Hrubá, thelathini na minne,
aliyepenya kwa mchujo,
huleta moja.

"Ishirini na tatu," husema. "Na nusu, jua likitoka."
Halafu hucheka, maana jua lenyewe.

Paundi ishirini kuwamba raketi moja.
Alizihesabu mezani, nyingine sarafu,
nikaona haya kuzipokea.
Nikazipokea. Nami nina kodi.

Mwamba ngoma, walisema, ngozi huivutia kwake.
Waliosema hawakukaa hapa Jumapili ya fainali,
raketi za mahasimu wawili juu ya meza moja.
Nivutie wapi?
Nilivuta sawa. Naapa nilivuta sawa.
(Ya Zdenka, fundo la mwisho nililirudia mara mbili.
Basi. Hilo tu.)

Fainali niliisikia kupitia turubai.
Raketi ya Zdenka hulia chini,
mlango wa mbao uliofungwa kwa adabu.
Ya Philippa, kijiko kwenye bilauri.
Seti ya kwanza, mlango. Ya pili, kijiko.
Ya tatu, saa nane na dakika kumi,
mlio wa kuni mbichi motoni: uzi umekatika.

Mwokota mipira akaingia mbio, amelowa,
kaikumbatia raketi ya Zdenka kama mtoto mwenye homa.
Nyingine yake, alisema, imelegea tangu Ijumaa.
Nyuzi kumi na sita za wima, kumi na tisa za mlalo,
dakika kumi na mbili,
vidole vinachomeka, vinanuka plastiki.
Sikugonga kusikiliza. Hapakuwa na nafasi.
Niliitoa ikiwa bubu.

Kisha makofi. Makofi hayana jina.

Wakaao kwenye viti hawalijui hili:
aliyeshindwa ndiye huja kwangu kwanza.
Mshindi ana picha, ana bakuli la fedha la kushika.
Aliyeshindwa ana treni ya Leeds,
na Jumanne mji mwingine, nyasi nyingine.

Nikakaa nikiutazama mlango wa hema.
Saa kumi. Saa kumi na nusu.
Kahawa ikapoa, mvua ikarudi kazini.

Akaingia Philippa.
Macho mekundu, bila mama, raketi moja mkononi.
"Kilo ngapi?" nikamuuliza.
Akafungua mdomo, akaufunga.
Juma zima hakuwahi kulijibu swali hilo mwenyewe.
"Wewe unaonaje?"

Sikumwambia.
Nikampa raketi kuukuu iliyokuwa ukutani,
nikamwonyesha: hapa katikati, kwa kidole.
Akagonga.
Akainamisha sikio.
Akagonga tena.