Nje Kidogo ya Sensa

Hamsini, imeandikwa shingoni mwake
kwa rangi nyeupe iliyokwanguka.
Lakini juu ya kamera yangu naisoma sabini na tano.
Ndiyo hesabu ya sisi wenye sensa ndogo:
kila kitu hukusogelea kuliko ulivyokikaribisha.

Niliinunua Luthuli, ghorofa ya pili,
kwa Munyiva anayefungua redio kwa bisibisi ya miwani.
"Ina kuvu," alisema, akiielekeza dirishani.
"Kauzi kamoja tu. Picha haitalalamika."
Elfu tatu na mia tano,
na adapta ya chuma juu yake, kama posho.

Kamera haikuitambua.
Kiooni iliandika: *Hakuna lenzi.*
Nami nimeishika, nzito kama jiwe la mizani!
Nikaingia kwenye menyu, nikairuhusu ipige hivyo hivyo,
karani anayegonga muhuri bila kuinua uso.

Pete hii haizunguki kidole,
vidole ndivyo vinavyoizunguka.
Huku mbali, huku karibu,
na katikati mahali pembamba kama ukucha
ambapo rangi inaacha kuwa rangi, inakuwa mtu.

Saa kumi na mbili asubuhi, Kaloleni.
Shangazi Khayesi anakaanga mandazi mlangoni.
Nilimtaka mzima, kuanzia kitambaa cha kichwa hadi ndara.
Nikarudi nyuma. Kiti. Pazia. Kizingiti.
Nikamzunguka na jiko lake, nikarudi tena,
hadi mgongo ukagonga pipa la maji la mama Adongo,
na hapo ndipo shangazi akaenea.

"Unanipiga picha ama unanitoroka?"

Nikafungua tundu lote, maana alfajiri ni bahili.
Akainama, nikazungusha.
Akainuka, nikazungusha, nimechelewa.
Nimepata sikio.
Nimepata moshi.
Nimepata kalenda ya duka la mbegu ukutani,
kali hadi unaisoma namba ya simu ya mwenye duka,
na mbele yake shangazi, ukungu wa rangi ya unga.
Picha ishirini na tatu.
Macho hayana pazia, walisema waliosema.
Hili jicho linalo,
na kila nikikosa linajifunga kwa mlio
kama mtu anayefyonza.

Basi nikaacha kumfuata.
Nikaiweka pete mita mbili na nusu,
nikaondoa mkono,
nikangoja.

Akapotea ndani ya mvuke wake.
Akageuza moja. Akageuza la pili.
La tatu likamkatalia, akaligombeza kwa Kiluhya.
Kisha akajinyoosha, kiganja kiunoni,
akaja mwenyewe pale nilipomwekea nafasi
kama mtu aliyekuta kiti.
Kope. Chembe ya unga juu ya nyusi.
Ufa mwembamba kwenye mdomo wa chini
ambao nimeishi nao miaka thelathini bila kuuona.

Nikabonyeza.

Wabwile akauvuta mkanda shingoni mwangu, atazame.
"Mimi niko wapi?"
Alikuwa kando ya ndoo, ameketi, anatabasamu
tangu picha ya kwanza.
Nikamweleza: lenzi hii ilizaliwa zama za filamu,
duara lake ni pana kuliko nyumba niliyoipa.
Ilikuona. Nuru yako ilipita kiooni,
ikaingia hadi ndani kabisa,
ikageuka miguu juu kama nuru zote humo,
ikaangukia ukuta mweusi,
nje kidogo ya sensa.

"Hao watu wa sensa," shangazi akadakia bila kugeuka,
"hata mwaka ule walinipita. Niliwapikia na chai."

Wabwile hakucheka.
Aliishika ndoo kwa mikono miwili
akaiburuta kwenye saruji, maji yakimwagika.
"Sasa?"
Bado.
"Sasa?"
Mafuta yanalia. Jua limefika kwenye paa la bati.
Nairudisha mikono kwenye pete.