Meno Manne

Chini ya jumba la makumbusho, Norwich, Jumanne ya mvua,
Bi Gooderham ananiuliza meno.
"Manne," namwambia. "Nchani mwa mkia."
"La pili limechongoka, au butu?"
Nasogeza taa. Nazuia pumzi, maana pumzi yangu
inatosha kumng'oa mguu.

Yeye haoni tena. Mtoto wa jicho
amemfungia dirisha moja, la pili lina ukungu.
Miaka thelathini na mmoja amekaa na nyigu hawa
waliozidi kidogo tu punje ya mchele,
akilipasua jina moja: likawa mawili,
likawa matano, likawa ugomvi
wa barua zisizojibiwa.

Nyigu-kekeo. Hajengi, hawindi.
Humvizia dondora mwashi atoke,
akaingia, akataga, akaenda zake.
Kwetu mgeni siku ya tatu hupewa jembe;
huyu nani ampe, na mwenye nyumba
hajui kama ana mgeni?
Akifumaniwa hujikunja kama kidonge.
Atang'atwa, atatupwa nje, atadondoka
mzima, anang'aa vilevile.

"Rangi?" Hapo nakwama.
Kijani, nasema. Hapana, buluu. Tumbo
jekundu, shaba iliyotoka motoni sasa hivi.
Nikiinamisha kichwa zote zinahama,
kama mafuta ya taa juu ya dimbwi.
"Rangi mwongo," anasema. "Hesabu meno."

Kibandiko: P. Utting, ukuta wa bustani, Julai 1931.
Wino umekuwa chai.
Utting mwenyewe sijui kazikwa wapi.
Nyigu wake anawaka kama aliyechomwa pini asubuhi hii.

Wa arobaini na mbili ana meno matatu na kisiki.
Limevunjika? Au ndivyo alivyozaliwa?
Namweleza. Ananyamaza. Boila inakohoa ukutani.
Ananyoosha mkono, anagusa kifuniko,
kioo tu, kama mtu anayepapasa
paji la mtoto mwenye homa.

"Bado," anasema.
Neno nililomfunza mwaka jana; alipenda
kwamba ni moja, na halimkatii mtu tamaa.
Naliandika kwa penseli, herufi ndogo, chini ya pini.

Huyu ni bado wa kumi na saba.
Nafunga droo polepole,
nisije nikamng'oa mtu jino.