Jiwe la Makombe

Kiingilio dola kumi na tano. Amelipa mwanangu Shekue,
kisha akabaki kivulini na simu yake;
majumba ya kale hayampendezi.

Tumeingia wawili, mimi na Tunu,
miaka tisa, Kiswahili chake kina mapengo kama meno yake,
naye ndiye mkalimani.

Florida mwezi wa saba: hewa ni kitambaa kilicholowa,
umefungwa nacho usoni.
Mwongozaji amevaa kofia pana ya serikali.
Anasema, yaani Tunu anasema anasema,
kwamba Wahispania walichoka kujenga kwa mbao,
na Waingereza walipokuja na meli wakapiga mizinga
siku nyingi, Babu, nyingi sana,
ukuta haukupasuka.
Mizinga iliingia ikakaa
kama kidole kwenye boflo.

Wageni wakacheka. Mimi sikucheka.
Miaka arobaini nimekuwa mwashi Tanga:
jiwe gumu lina kiburi, ndilo huvunjika;
jiwe laini lina hila.
Nikasogea. Kibao kinakataza kugusa
kwa lugha tatu, hata moja si yangu.
Nikagusa.

Makombe.
Madogo kama kucha za mtoto mchanga,
yameshikana bila kuulizana ukoo.
Na kati ya jiwe na jiwe, chokaa ya chaza.
Hii naijua. Ina vipande havikuiva:
siku hiyo mchomaji alikuwa na homa,
au kuni zilikuwa mbichi,
au msimamizi alisimama karibu mno.

"Muulize, nani alichonga?"
Akauliza. Yule bwana akavua kofia, akajipangusa.
Kwa Kiingereza jibu lilikuwa refu.
Kwa Kiswahili likaja fupi:
"Wenyeji wa hapa. Wafungwa. Na watu kama sisi."

Mjini Tunu alininunulia maji ya kisima cha ujana.
Yananuka yai viza.
Nimekunywa yote; magoti yako vilevile.

Jioni, maili mbili kaskazini,
Shekue akasimamisha gari penye nyasi na kinamasi.
Hapa, akasema (huyu asiyependa ya kale),
waliotoroka mashamba ya Waingereza
walipewa uhuru na bunduki,
wakajijengea ngome yao, ya udongo na magogo.

"Mbona hakuna kitu?" Tunu akauliza.
Nikamwambia piga picha.
"Ya nini?"
Ya nyasi. Ya maji. Ya yule korongo
aliyesimama kwa mguu mmoja
kama mlinzi ambaye zamu yake wameisahau.

Usiku mkwe wangu ameleta beseni na birika.
Baba, karibu unawe.
Chini ya ukucha wangu wa shahada kuna weupe kidogo.
Nikamwambia, anza na mtoto.