Elfu Mbili Mia Tatu Sitini

Kabula hakuniita mwizi.
Alisema tu, "Minza, hesabu haikai,"
akaendelea kugeuza dagaa kwa reki
kana kwamba ametaja mawingu.
Lakini kikundi kizima kiliacha kuongea,
na pale Mwaloni, saa nne asubuhi,
wanawake kumi na nane kunyamaza kwa pamoja
ni jambo ambalo hata korongo huligeukia.

Nikaenda benki kuomba taarifa ya akaunti.
Karatasi sita. Nazo nikazilipia:
habari za makato zilianza kwa kunikata.

Usiku nikazitandaza mkekani,
kalamu nyekundu ya mwanangu mkononi.
Ada ya mwezi, naijua.
Ujumbe wa simu, naujua, huniamsha usingizini.
Riba, shilingi kumi na tisa. Hiyo siijui,
lakini nani amewahi kumshtaki mgeni aliyekuja na kuku?
Kisha hii: 2,360. MAKATO KDI 7731.
Mwezi uliofuata, 2,360.
Mwezi wa ada za shule, 2,360.
Mwezi ule wa mvua, dagaa walipotuozea
na hatukuweka hata senti,
2,360, saa ileile,
kama jogoo asiyejua kuna msiba.
Nikahesabu mara kumi na saba.

Mimi najua mali inavyopungua.
Anika ndoo ya wabichi: jua litachukua maji yake,
yangeyange atachukua wake,
mchanga utabaki na walioungua,
mtoto wa jirani atapita na konzi moja,
nitamwona, nitatazama ziwani.
Kinachoingia guniani nakipima;
kilichopotea nakijua kwa jina.
Huyu 7731 hana mdomo,
hana hata unyayo mchangani.

Dirisha la tatu, kijana, kibandiko kifuani: Masalu.
"Mama, hayo ni makato ya kawaida."
Kawaida ya nani?
Foleni ikakohoa nyuma yangu. Sikusogea.
Nilikuwa nimevaa kitenge cha msibani,
kile cha siku nisiyotaka kuchekeana na mtu.
Akabonyeza. Akakunja uso. Akamwita mwenzake,
mwenzake akaitisha funguo.

Chini ya mihuri, ndani ya droo, bahasha:
KIKUNDI CHA JITUME, MWALONI.
Kadi. Mpya, ya bluu, ina twiga.
Hakuna aliyeiomba.
Au niliiomba mimi, siku ya kufungua akaunti,
kurasa tisa zenye alama ya penseli,
hapa mama, na hapa, na hapa tena.
Sahihi ni yangu. Mkia wa zeti unaning'inia vilevile.

Miezi kumi na saba imelala humo,
haijatoka hata kuliona ziwa,
na kila mwisho wa mwezi ikaamka, ikala, ikalala.

Pesa zitarudi? Masalu akanipa fomu.
"Siku kumi na nne za kazi. Tutaangalia."
Tutaangalia nalifahamu,
ndilo ninalowapa wanaotaka dagaa kwa mkopo.
Basi nikamwomba mkasi.

Jioni nikamwaga vipande vinne kwenye mzani.
Kabula akainama kuusoma mshale,
akaugonga kioo kwa kucha,
akainama tena. Sifuri.
"Ndiye huyu?"
"Ndiye huyo. Na sahihi ni yangu."
Sikutaka alijue hilo kwa mtu mwingine.

Akakiokota kipande chenye kichwa cha twiga,
akakifuta vumbi la dagaa kwa pindo la kanga.
Hakuniomba radhi, wala sikuisubiri.
"Elfu arobaini, mia na ishirini," akasema,
akaanza kugawa kwa kumi na nane, kwa sauti,
akikunja vidole, akipotea, akirudia.
"Kila mmoja, elfu mbili mia mbili na kitu."

"Na hicho kitu," akasema Nyanjige kutoka nyuma,
gunia begani, hajaliweka chini,
"safari hii tuulize mapema kinakwenda wapi."