Nakuja

Nilikwenda na bakora,
jua kali, nimefura,
kumsaka mwana jura,
mtoro toka chuoni.

Ya Nane nikaikata,
ya Tisa nikaipita,
ya Kumi nikamkuta
kibandani, Ngamiani.

Fundi Mbwana Shekimweri,
wa simu na vibatari,
katunga gemu hatari,
linawaka runingani.

Kuna kijitu kifupi,
pua yake iko wapi?
Charuka, sijui vipi,
mabatini, mabatini.

Kila ngazi barabara,
mkonge huku, mnara,
ukiteleza, hasara:
waanzia Chumbageni.

Kinakwenda kwa kulia,
kushoto kimechukia,
na nyuma zakijilia
sahani toka angani.

Wageni wenye vichogo
virefu kama muhogo,
wanataka, si kidogo:
jiji zima mfukoni.

Kiswahili wamesoma
kwa kitabu, si kwa mama;
neno wakilitazama
hawajui lina nini.

Silaha si msumeno,
si rungu wala sindano;
vitufe vina maneno:
chagua, waweke ndani.

Mwana kabonyeza KAA:
mmoja chini kakaa,
wa pili kashika kaa
la moto toka jikoni,

wa tatu kafukuzana
na gando lenye kubana.
Nilicheka! Nikaona
bakora yangu i chini.

"Nipishe," nikamwambia.
Mia tano nikatia.
Mwana kaniangalia
kama natoka mwezini.

Wakanizinga mtaa,
wengi kushinda dagaa;
nikabonyeza tu PAA:
nusu wapo mawinguni,

nusu nyikani wasaka
paa mnyama; katoweka;
mmoja kaja ezeka
banda letu, kwa makini!

Vijana wakajisonga;
mwuza kahawa, Kipanga,
kaacha kugonga-gonga
vikombe, kabaki ndani.

Bosi wao kaja mbio,
mwenye sita masikio:
"Saa ngapi vita leo?"
akanguruma puani.

Nikajibu, "Saa mbili."
Kwa saa yake ya mbali
ni usiku, giza kali,
popo tu wapo kazini.

Kangojea, kangojea,
ukuta kaegemea,
mbu wakamchezea,
kukicha yu taabani.

Saa mbili, yetu sisi,
nikafika bila kasi,
nimekunywa chai, basi;
yeye yu usingizini.

Akaamka, kafoka:
"Pigana! Usije toka!"
"Nakuja," nikatamka,
nikaishia njiani.

*Nakuja*: ndilo la kwetu
neno la kuaga watu.
Yupo, kwa macho matatu,
anangoja barazani.

Fundi Mbwana kaduwaa:
"Hila hii sikutia,
wala sikuisikia.
Kakufunza nani?" "Deni."

Mia tano, mia tano,
zilizokuwa za ngano,
zikapita kwa mkono
wa Fundi, na kibindoni.

Kumbe giza limetanda,
mwanangu alishakwenda,
amerudi kwenye banda,
bakora yangu begani.

"Mama, ubwabwa wangoja,
baba naye amekuja!"
Sikugeuka. "Nakuja."
Macho yangu runingani.