Upupu, Toleo la Tisa

Tuko watatu na mashine moja yenye kikohozi,
chumba cha nyuma, Mtaa wa Naboa, Mbale,
mgongoni mwa fundi viatu asiyeuliza kitu.
Nambozo anahariri. Wepukhulu anachora.
Mimi nabana kurasa kwa pini, nahesabu, nanyamaza.
Jina tulilichuma porini: Upupu,
mmea usiopiga kelele wala kuchoma kwa miiba;
unakugusa tu ukipita,
ukifika nyumbani unavua shati mbele ya wageni.

Toleo la tisa, jalada:
shimo la barabarani mbele ya hospitali,
na ukingoni mwake mheshimiwa diwani
(diwani wa kata, si ile ya mashairi)
kakaa kitako kwenye kiti cha kukunja,
ndoana mkononi, anavua sato.
Mama mjamzito juu ya bodaboda anamuuliza:
"Mzee, kina kirefu?"
Naye bila kugeuka:
"Shh! Utawafukuza.
Bajeti ndiyo kwanza imeanza kudonoa."

Hatukutukana. Neno "mwizi"
Nambozo alilifuta mara tatu.
Tusi hulala, alisema, mzaha hukesha.

Jumatatu, saa mbili asubuhi,
akaja kijana ndani ya suti iliyomzidi mabega,
akanunua nakala zote mia tano
kwa noti mpya zinazonukia benki.
Toleo zima limeuzwa kabla chai haijapoa,
nasi tukabaki tukitazamana kama wafiwa.
Moto haujui kusoma.

Lakini kijana yule ana jina, Gidudu,
ana watoto, ana mishahara minne
iliyopotea njiani kati ya ofisi na mfuko wake.
Aliagizwa achome.
Akaunyanyua mzigo, akaupima kwa mkono:
karatasi nayo ina bei ya kilo.

Kufika saa kumi, pale sokoni,
diwani amesokotwa koni za karanga,
amefungia malewa, amefunika magimbi,
mafuta ya sambusa yamempitia usoni.
Khainza, muuza karanga, herufi hazijui;
aliishika picha kichwa chini, akaigeuza,
akacheka mpaka mkono ukamponyoka
akamzidishia mteja kipimo.
Kicheko kile kilivuka barabara kikiruka mashimo,
kikaingia wodi ya wazazi,
ambako muuguzi mmoja, simtaji,
aliubandika ukurasa wenye chumvi
kwenye kabati ambalo glavu hazijalala tangu Pasaka.

Ijumaa usiku tulisikia lori.
Kulipokucha, shimo limezibwa.
Lile tu.
La kushoto kwake, linalomeza ndoo nzima, liko wazi;
la kulia bata wanaoga.
Mhandisi alikifuata kibonzo kama ramani.

Na ujumbe ukaja, kwa mdomo, kupitia kwa Gidudu:
mheshimiwa, kuhusu samaki, hana neno.
Ila pua.
Pua yake, jamani, si kubwa vile.

Watu wanatupa mikono: mmeshinda!
Mimi sijui.
Matoleo tisa, shimo moja.
Wino tunadaiwa, kodi ya chumba tunadaiwa,
na kuna pikipiki isiyo na namba
ambayo jioni hupunguza mwendo
kila Wepukhulu anapoinama kufunga kamba ya kiatu.
Siku hizi anavaa ndara.

Jana Nambozo aliingia na tope hadi magotini,
daftari kwapani. Alikuwa ametembea kwa miguu
kutoka hospitali mpaka Namakwekwe, akihesabu.
Mashimo mia moja na kumi na saba.
Akaliweka daftari mezani, hakusema kitu.

Wepukhulu akachonga penseli. Polepole.
Akapuliza unga.
"Mwambieni pua nitaipunguza," akasema.
"Kidogo kidogo. Kwa kila shimo."

Nami nikafungua pakiti mpya ya pini.