Ukuta wa Igogo

Miaka kumi na tisa Lufungulo alipiga santuri
ng'ambo ya ukuta huu,
nami nikiugonga kwa kandambili:
Punguza makelele hayo, wengine tuna zamu!
Kiwanda cha minofu hakimngoji mtu.

Alipozikwa, mwanawe akaziuza kwa kilo
pale Mlango Mmoja, kati ya pasi mbovu na feni.
Nikanunua saba. Sijui kwa nini.
Aibu, labda.

Sasa nina sitini na mbili, mafao yameisha,
na tarumbeta inatangulia wenzake,
inapotea njia, hairudi,
halafu, hapo, hapo! besi inaifuata
kama mke anayemtafuta mlevi wake kwa kurunzi.
Mtu ukumbini anakohoa.
Alikohoa kabla sijazaliwa.
Kikohozi chake nimekizoea, nakingoja.

"Ingia usikie hii jazi," aliniambia mara moja
tulipokutana bombani.
Nilikuwa na ndoo mbili. Nikasema kesho.

Saa sita. Mawe ya mlimani bado yana joto la mchana,
upepo wa ziwa haujapanda.
Narudisha sindano mwanzo.
Ng'ambo, mpangaji mpya anagonga ukuta,
anagonga kwa hasira
na hajui
kwamba ameupatia mdundo.